Farasi Mwanagenzi Hasomwi kwa Nafasi Aliyomaliza

Swali: Mtaalamu, salaam. Machi 2025 nilitazama mbio za Arkle pale Cheltenham, Uingereza, zile za farasi wanagenzi wa kuruka vizuizi vikubwa. Majborough ndiye aliyekuwa akipewa nafasi kuliko wote; alikuwa ameshinda Arkle ya Ireland mwezi mmoja tu kabla, nikaona kazi imekwisha. Akaboronga kizuizi cha pili kutoka mwisho, akaishia wa tatu. Jango Baie, ambaye sehemu kubwa ya mbio alikuwa nyuma, akaja kuwapita wote mwishoni kabisa. Farasi wa mbio hizi wameruka vizuizi vikubwa mara chache mno maishani mwao. Mtu unawapimaje? Na je, kuna maana yoyote kuwatazama wanapozungushwa kabla ya mbio kuanza?

Jibu: Wa salaam, ndugu yangu. Kwamba Majborough ni farasi hodari, hapo hukukosea. Lakini ulisoma matokeo yake, na katika mbio za wanagenzi matokeo ni kitu cha pili. Cha kwanza ni miruko. Farasi wa namna hii ana maswali mawili juu yake: ana mbio kiasi gani, na je, vizuizi vitamruhusu azitumie? Rekodi iliyoandikwa inajibu swali la kwanza vizuri sana. La pili inalijibu vibaya, na pesa nyingi hupotea hapo.

Tuanze na mwanagenzi mwenyewe ni nani, maana watu hudhani ni farasi asiyejua kitu. Kwa Uingereza, ni yule ambaye hakuwa ameshinda mbio za vizuizi vikubwa kabla ya msimu kuanza. Akishinda Novemba, anabaki mwanagenzi hadi msimu uishe. Kwa hiyo kwenye Arkle ya Machi unaweza kumkuta farasi mwenye ushindi mara nne wa msimu huo akisimama na mwingine aliyeruka mara moja tu, na wote kwenye karatasi ya mbio wanaitwa kwa jina lilelile. Ireland wana pia mbio za waanzaji, za wale ambao hawajawahi kushinda vizuizi kabisa. Usizidharau kwa jina lake: pale Leopardstown wakati wa Krismasi, mbio za waanzaji huweza kuwa na farasi bora kuliko mbio zenye jina kubwa kwingineko.

Karibu wote hawa wametokea kwenye mbio za viunzi. Kiunzi ni kifupi, kama mita 1.07, na ni chepesi: farasi akikigonga kinalala, naye anasonga mbele amepoteza kidogo tu. Kizuizi kikubwa ni habari nyingine. Kimo chake hakipungui futi 4 na nusu, yaani mita 1.37 hivi, na kimejengwa kwa matawi yaliyoshindiliwa pamoja. Ukikipiga kwa kifua hakilali. Vingine vina mtaro upande wa kurukia, kwa hiyo farasi analazimika kuanzia mbali zaidi. Farasi aliyezoea kupita viunzi chini kwa chini kwa kasi, akiburuza miguu ya nyuma bila kuadhibiwa, anaadhibiwa hapa.

Sasa, miruko inatazamwaje? Rudia video ya mbio zake za karibuni, zima sauti ya mtangazaji, na usimtazame aliye mbele. Mtazame farasi wako peke yake, hatua tatu za mwisho kabla ya kila kizuizi. Farasi mzuri anakuja kwa mwendo uleule, masikio mbele, na ikitokea umbali haukumkaa sawa anafanya moja kati ya mambo mawili: anaruka kutoka mbali kwa ujasiri, au anaongeza hatua moja fupi na kuinuka karibu na kizuizi. Anayejua yote mawili ndiye unayemtaka. Anayejua moja tu ana tatizo linalosubiri siku yake. Yule wa kuruka mbali kila mara anapendeza machoni, watu humshangilia, lakini siku atakapochoka au atakapozungukwa na wenzake asiione ardhi, ataruka kutoka mbali bila nguvu ya kufika.

Kisha tazama anavyotua. Huku ndiko mbio zinakoshindwa kimyakimya. Mbio za maili mbili, kama kilomita 3.2, zina vizuizi visivyopungua 12. Farasi anayetua akasita, akahitaji hatua mbili kujikusanya kabla ya kuondoka, labda anapoteza nusu ya urefu wa farasi kila mara. Zidisha kwa 12: ameshampa mwenzake urefu wa farasi sita bila kufanya kosa hata moja ambalo mtangazaji angelitaja. Yupo pia yule anayeruka juu kupita kiasi, anapaa kana kwamba kizuizi kina kimo mara mbili. Huyo ni salama, haanguki. Lakini kila mruko wa namna hiyo unakula pumzi, na mwisho wa mbio hana kitu. Kwa farasi anayeruka vizuizi kwa mara ya kwanza mimi humsamehe. Wengi hupunguza urefu huo mara ya pili au ya tatu. Akiendelea nao hadi Februari, nimeshamfuta.

Tazama pia upande anaoelekea akiwa hewani. Farasi wengi huinama kulia au kushoto wakiruka. Cheltenham inazunguka kushoto. Anayeruka kwa kuelekea kulia anajitoa nje ya njia kila mara, na kwenye kona anakuwa amesafiri zaidi ya wenzake. Mpeleke Kempton, Sandown au Ascot, zinazozunguka kulia, na kasoro ileile haimgharimu kitu. Ndiyo maana ushindi mkubwa wa Kempton siku ya pili ya Krismasi si lazima usafiri mpaka Cheltenham. Mbali na upande wa kuzunguka, Kempton ni tambarare, wakati Cheltenham ina vilima na mabonde, kizuizi cha tatu kutoka mwisho kiko kwenye mteremko, na mwisho kuna mlima unaokamua miguu.

Lakini kama una muda wa kutazama kitu kimoja tu, tazama kizuizi kinachofuata baada ya kosa. Kosa lenyewe linasema kidogo. Kila mwanagenzi hukosea. Angekuwa hakosei asingekuwa mwanagenzi. Ninalolitafuta ni lile analolifanya sekunde chache baadaye. Yupo anayegonga kizuizi cha nne, anatikisika, halafu cha tano anakikaribia kwa uangalifu, anakipa nafasi ya kutosha na kuendelea. Huyo anajifunza mbele ya macho yako, na ningependa kumwekea dau mbio zinazofuata, hasa kama matokeo yake ya siku hiyo yalikuwa mabaya na odi yake, yaani kiwango cha malipo, ikapanda. Yupo mwingine ambaye baada ya kosa anaanza kusitasita, hatua zinakuwa fupifupi kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na joki, yaani mpandaji wake, anaonekana akimsukuma kwenye kila kizuizi. Imani imekwisha. Na yupo wa tatu, anayerudia kosa lilelile kwa namna ileile mara tatu. Huyo ama hajifunzi, ama kuna mahali panamuuma.

Ukifanya hivyo, zile herufi za kwenye rekodi zinaanza kuwa na maana. F ni kuanguka, U ni kumwangusha joki, P ni kusimamishwa njiani, B ni kuangushwa na farasi mwingine, R ni kugoma. Watu wakiona F wanakimbia. Galopin Des Champs aliandikiwa F katika mbio za Turners, Cheltenham, Machi 2022. Alianguka kwenye kizuizi cha mwisho kabisa akiwa ameshawaacha wenzake mbali, na Bob Olinger akapita na kushinda. Mwaka 2023 Galopin Des Champs akashinda Gold Cup, mbio kuu za vizuizi vikubwa pale Cheltenham, na 2024 akarudia. Un De Sceaux yeye alianguka katika mbio zake za kwanza kabisa za vizuizi, mwishoni mwa 2014, halafu msimu huohuo akashinda Arkle ya Ireland na ile ya Cheltenham. Anguko la kwanza kwenye mtaro, la farasi aliyejitupa kwa pupa, au la kizuizi cha mwisho wakati ushindi uko mkononi, linatibika kwa mazoezi nyumbani. La farasi aliyechoka, anayeburuza miguu, akashindwa kuinuka, ni jambo jingine hata kama herufi ni ileile. Na B si kosa lake hata kidogo, ingawa uangalie kama limemtia woga.

Turudi kwenye viunzi, kwa sababu sitaki uondoke ukidhani havina thamani. Vinakupa injini. Altior alishinda Supreme, mbio kubwa za viunzi za wanagenzi pale Cheltenham, mwaka 2016, akaja kushinda Arkle 2017. Douvan alifanya hivyohivyo 2015 na 2016, Shishkin 2020 na 2021. Mwenye kasi ya kushinda Supreme anaanza akiwa mbele ya wengi. Ila ngazi ile inaweza kupinduka kabisa. Katika Supreme ya 2011 Al Ferof alishinda, Sprinter Sacre akawa wa tatu. Mwaka uliofuata wakakutana tena kwenye Arkle, na Sprinter Sacre akashinda kwa namna ambayo walioiona bado wanaizungumzia. Al Ferof alikuwa nyuma. Mwili ulieleza sehemu ya habari. Sprinter Sacre alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana na hatua ndefu, farasi ambaye viunzi vilikuwa vinamkatiza tu mwendo.

Ndiyo sababu naangalia asili ya farasi kuliko idadi ya ushindi wake. Ireland kuna mbio za mashambani zinazopandwa na majoki wa ridhaa, za maili tatu hivi, ambako farasi wa miaka minne tayari wanaruka vizuizi halisi. Wakishinda wanauzwa kwa bei kubwa kwa wakufunzi wa pande zote mbili za bahari. Denman alitokea huko. Kwenye viunzi alikuwa mzuri, kwenye vizuizi akawa dude: mbio za wanagenzi za maili tatu za Cheltenham 2007, Gold Cup 2008. Farasi wa Ufaransa nao hufundishwa kuruka mapema kuliko kawaida ya Uingereza, wengine wakiwa na miaka mitatu. Kwa hiyo ukikuta farasi ambaye karatasi inasema ni mara yake ya kwanza kwenye vizuizi, uliza kwanza: mara ya kwanza katika mbio rasmi, au mara ya kwanza maishani? Jibu hilo wengi hawalitafuti.

Sasa Arkle yako. Maili mbili kwa kiwango cha juu ni mtihani wa kasi, na kasi ndiyo inayofichua miruko. Farasi anayeruka vizuri kwenye mbio za polepole zenye wapinzani wanne dhaifu hajaulizwa kitu. Anaulizwa pale mwingine anapomvuta kwa kasi asiyoizoea kizuizi baada ya kizuizi, na hana muda wa kujipanga. Ukipima rekodi ya farasi anayepewa nafasi kubwa, jiulize ni lini aliruka akiwa na mtu ubavuni, kwa kasi, katika nusu ya pili ya mbio. Kama ushindi wake wote ulikuwa wa kukaa mbele peke yake akijichagulia hatua, bado hujui. Majborough alikuwa na miaka mitano tu siku ile, na mwaka mmoja kabla alikuwa bado kwenye viunzi, akishinda Triumph pale pale Cheltenham. Uwezo mwingi, uzoefu kidogo.

Jango Baie naye hakutoka hewani. Kabla ya Arkle alikuwa wa pili nyuma ya Handstands katika Scilly Isles pale Sandown, mbio za maili mbili na nusu hivi. Yaani alirudi kwenye umbali mfupi akiwa na pumzi za umbali mrefu. Farasi wa aina hiyo kwenye maili mbili ataonekana amezidiwa katikati, joki anamhimiza wakati wenzake bado wanateleza. Mtu asiyejua anamfuta hapo. Lakini kama waliotangulia wamejikamua, na mwisho ni ule mlima wa Cheltenham, aliyekuwa na pumzi za ziada anawaokota mmojammoja. Kwenye Kempton iliyo tambarare, kwa mbio zilezile na farasi walewale, sidhani kama angewafikia.

Uzito niupitie haraka. Katika mbio kubwa za daraja la kwanza kwa kawaida wote hubeba sawa, isipokuwa farasi jike hupunguziwa ratili 7. Ndiyo punguzo alilokuwa nalo Only By Night aliyekuja wa pili siku ile. Kwa makisio ya wapiga hesabu wengi, ratili moja ni kama urefu wa farasi mmoja kwenye mbio ndefu za kuruka, kwa hiyo ratili 7 si zawadi ndogo. Katika mbio za kawaida za wanagenzi, aliyekwisha kushinda huongezewa mzigo, na joki chipukizi hupunguziwa ratili 3, 5 au 7 kulingana na ushindi alionao. Mimi kwa wanagenzi punguzo la joki chipukizi silipendi sana. Farasi asiyejua na joki asiyejua, mmoja kati yao anapaswa kuwa mwalimu.

Hali ya ardhi inafanya kazi mbili. Ardhi ya matope inapunguza kasi, na kasi ikipungua miruko inakuwa rahisi kupangilika, ila kunyanyuka kutoka kwenye tope kunachosha. Ardhi kavu inafanya kila kitu kije haraka. Mwanagenzi aliyeruka bila dosari kwenye matope ya Januari bado ana swali la kujibu kwenye ardhi nzuri ya machipuo.

Mambo mengine mawili ya kwenye karatasi. Tangu Januari 2018, Uingereza inalazimisha itangazwe kama farasi amefanyiwa upasuaji wa njia ya hewa tangu alipokimbia mara ya mwisho. Farasi aliyekuwa akizima ghafla mwishoni, halafu akarudi na alama hiyo, ni wa kuangaliwa upya. La pili ni jua. Desemba na Januari jua hukaa chini, na likiwachoma macho farasi na majoki, waamuzi huamuru baadhi ya vizuizi vipitwe pembeni bila kurukwa. Mbio za vizuizi 12 zinaweza kubaki na saba. Hapo mrukaji bora amenyang'anywa silaha yake, na matokeo ya siku hiyo uyasome kwa tahadhari, kwa aliyeshinda na kwa aliyeshindwa.

Kuhusu kubeti, kama ulibeti. Mbio hizi mara nyingi zina farasi wanne, watano, sita. Watu wakiona wachache hivyo wanadhani ni rahisi, na odi ya anayependwa inashuka mpaka haina nyama. Tuseme ni 1.50. Ili usipoteze, farasi huyo lazima ashinde mara mbili katika kila tatu. Si swali la kama ni bora kuliko wenzake. Huenda ni bora. Swali ni kama ataruka vizuizi vyote kwa kasi ya siku hiyo, mara mbili katika tatu, wakati hujawahi kumwona akiulizwa hivyo hata mara moja. Kwa bei hiyo mimi hutazama tu. Na kama umemwona mpinzani mwenye miruko safi kwa odi ya 6 au 8, kumbuka kwamba Uingereza kwa kawaida mbio zenye farasi watano hadi saba hulipa pia nafasi ya pili kwa robo ya odi, kwa dau la kushinda na nafasi. Wakibaki wanne, hakuna nafasi. Ni kushinda tu.

Uliuliza kama kuna maana kuwatazama wakizungushwa. Ipo, ila ndogo, na ni ya kutafuta dalili mbaya kuliko nzuri. Jasho jepesi shingoni siku ya joto si kitu. Povu jeupe katikati ya mapaja ya nyuma, farasi anatembea kiubavuubavu, anahitaji watu wawili kumshika, hapo nguvu inavuja kabla ya mbio kuanza, na farasi aliyechemka hivyo hukikimbilia kizuizi cha kwanza badala ya kukipima. Kwa televisheni pedoki, yaani uwanja wa kuwazungusha, huonyeshwa kwa sekunde chache tu. Ila wakienda kuanza, majoki huwapeleka wanagenzi kwenye kizuizi kimoja wakitazame kwa karibu. Mwangalie wako hapo. Anayesimama, anainamisha kichwa na kukinusa, yuko sawa. Anayerudi nyuma akiwa amekaza shingo, nami huwa narudisha pesa mfukoni.